Picha ya Hajati Kando ya Ziwa

Nsambya, Kampala
Jumatatu jioni

Ndugu yangu Mwalimu,

Assalaam alaykum. Mimi huku sijambo, wa hofu na mashaka ni wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, ingawa kutoka hapa hadi Jinja ni kilomita 80 tu na asiyepokea simu ni wewe. Mama Swabra anasema umezama katika kusahihisha mitihani, nami nimemkubalia kwa shingo upande. Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni Hajati, na nakuomba uisome hadi mwisho kabla hujaanza kucheka.

Kama unavyojua, kitinda mimba wake ameoa. Ndoa ilifungwa msikitini Ijumaa, wanawake wakiwa upande wao na mimi na kamera yangu tukiwa mlangoni, na karamu ikafanyika kesho yake katika uwanja wa wazi kando ya Ziwa Victoria, upande wa Munyonyo. Maharusi walikuwa wamekwisha kuamua mambo yao: hawakutaka meza kuu, hawakutaka hotuba za wajomba, hawakutaka mshereheshaji wa kupaza sauti hadi usiku wa manane, na katika mkataba waliandika kwa herufi kubwa kwamba nisimpange mtu yeyote mstari kwa ajili ya picha. Walitaka watu wale ngege wa kuchoma, wacheze, na anayetaka kujinyoosha mkekani ajinyooshe. Nilitia sahihi.

Nikuambie kweli, Mwalimu, harusi isiyo na ratiba humtoa mpiga picha jasho. Kwenye harusi zetu za kawaida za Kampala, ratiba ndiyo inayokuonyesha pa kusimama: unajua keki itakatwa lini, masenga, yaani shangazi, wataitwa kutoka hema lipi kwenda kupokea kisahani chao, na baba mzazi atatoa karatasi ya hotuba kutoka mfuko upi wa koti. Huku hakuna aliyeitwa popote. Bibi harusi alikuja kwa mashua ya injini kutoka mwalo wa Ggaba, gauni jeupe likiwa chini ya jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa, na kwa kuwa jua lilikuwa bado kali, rangi ile ilimpiga kidevuni na shingoni hata akaonekana kana kwamba amesingwa manjano safarini. Nilipomwomba alivue, alijibu kwamba atalivua akishakanyaga nchi kavu kwa sababu hajui kuogelea. Nikampiga nalo hivyo hivyo, na sasa hiyo ndiyo picha inayogombaniwa na rafiki zake wote. Picha ya kundi niliyo nayo ni moja tu, waliyojikusanya wenyewe, na hata hiyo kaloli mmoja mkubwa, yule ndege korongo wa majalalani, alikuja akasimama mwishoni mwa safu na hakuondoka hadi nilipomaliza.

Uwanja wenyewe nao una kisa chake. Wewe ni mtu wa Jinja, huwezi kuwa umesahau Mei 2020, ziwa lilipopanda hadi kipimo cha huko kwenu kikasoma mita 13.42 na kuivuka rekodi ya mwaka 1964. Mchanga wa ufukwe ule ulimezwa na maji, na yalipopungua mwenye uwanja akapanda nyasi hadi ukingoni. Nyasi hizo huwa na unyevu mchana kutwa, visigino vya viatu vya wanawake hudidimia, kwa hiyo muda si mrefu baada ya wageni kufika viatu vyote vilikuwa vimepangwa chini ya mwembe, vya Hajati vikiwa vya kwanza kwa sababu ndivyo vilivyokuwa na visigino virefu kuliko vyote. Hili nalieleza makusudi, ili ufahamu kwamba hakuvua viatu kwa utundu.

Sasa picha yenyewe. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili kasorobo. Upande ule wa ziwa jua la jioni huteremkia nyuma ya vilima vya nchi kavu, kwa hiyo anayeyapa maji mgongo hupata mwanga laini usoni, na mwanga huo haukai. Sisi tulio karibu na ikweta, jua likishazama giza halina subira. Yule mtundu wa Mama Swabra akaingia majini hadi magotini. Nesi mmoja miongoni mwa wageni akapaza sauti kwamba maji ya ukingoni yenye majani yana kichocho na kwamba konokono wanaokieneza hukaa hapo hapo, na kabla mtu mwingine hajainuka, Hajati alikuwa ameshakusanya gomesi yake, lile gauni refu la kina mama wa Uganda, kwa mkono mmoja na kwenda mbio. Akamkwapua mjukuu, mjukuu akamrushia maji usoni, naye Hajati akacheka. Sisemi lile tabasamu lake la mikutano ya wazazi. Alicheka kwa kinywa chote, lile pengo la upande wa kushoto likaonekana, mtandio ukiwa umeteleza hadi kwenye kiwiko huku kilemba kikibaki mahali pake, miguu mitupu imepakaa tope, na matone ya maji yamesimama hewani kati ya uso wake na wa mtoto. Nilikuwa na lenzi ya milimita 85 na nilikuwa karibu. Baada ya hapo giza likaingia, wadudu wa ziwani wakazivamia taa, na kila flashi ilipowaka picha zikajaa vidoa vyeupe. Za usiku usiniulize.

Jana Hajati akanipigia simu. Anataka picha za kusimama: yeye na wakwe, yeye na masheikh, yeye na akina mama wa mtaa wa Walukuba huko Jinja, kila kundi na safu yake. Nikamweleza kwa adabu kwamba hazipo, na kwa nini hazipo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, mimi nimo katika picha gani?" Nikamwambia yumo katika nyingi, jambo ambalo ni kweli, lakini ile moja sikuitaja.

Maharusi wao wameshaiona na wameipenda kupita kiasi. Wanataka ichapishwe kubwa, ikae kwenye jalada la albamu, na nyingine iwekwe fremu na kutundikwa sebuleni kwao, halafu Hajati aikute ukutani siku atakapokuja kuwatembelea pamoja na wale wale akina mama wa Walukuba. Wananisisitiza nisimwambie, eti iwe ni jambo la kumshtua kwa furaha. Mimi nimezoea kuwashtua watu kwa furaha, lakini si mbele ya akina mama wa Walukuba, ambao wewe unawafahamu kuliko mimi.

Kama fundi, naona hiyo ndiyo picha bora ya harusi nzima, na pengine ndiyo bora niliyopiga mwaka huu. Picha za mistari tunazo makabatini tangu enzi za baba zetu: watu wamekaza shingo, hakuna anayejua nani alikuwa anampenda nani. Tena nikifikiria hivyo, nakumbuka kwamba huyu ni mama ambaye sijapata kumwona bila viatu hata uani kwake, aliyetunywesha chai sisi sote na kutukemea kwa kuchomoa mashati. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, naifahamu, na kazini nimezoea kuwapa watu fomu waridhie. Lakini nani atampelekea Hajati fomu? Mkataba wangu ni na maharusi, miguu iliyo pichani ni ya Hajati. Nimelizungusha jambo hili tangu jana usiku na kila mara narudi pale pale kwenye lile swali lake la simu.

Kwa hiyo nakuomba hisani. Kesho asubuhi nitamkabidhi dereva wa teksi bahasha yenye nakala ndogo ya picha hiyo, imefungwa vizuri kwa karatasi ngumu. Nenda nayo kwa Hajati baada ya Alasiri, akiwa peke yake, na umwonyeshe. Tafadhali usimwambie kwamba ni nzuri. Mwache aitazame mwenyewe, wewe utazame uso wake. Akikataa, nitaiondoa kwenye albamu na maharusi nitawakabili mimi, ingawa salio langu hawajalimaliza na sitakuwa na pa kusimama nikidai. Kuhusu safu zake, mwambie nitakuja Walukuba siku yoyote atakayotaja, nizipange uani kwake kwa kadiri anavyotaka, bila malipo, na kaloli hataalikwa.

Lakini kabla hujatoka nyumbani nijibu haya, hata kwa ujumbe mfupi. Je, kumwonyesha kwa siri si kuwasaliti maharusi walioniamini, au nianze kwao kwanza? Unadhani kitakachomuudhi ni miguu, ni mtandio, au ni lile pengo? Akiikubali kwenye albamu lakini akaikataa ukutani, nifuate neno la nani? Na wewe, ambaye ulimkosa siku hiyo kwa ajili ya mitihani, ulipata kumwona akicheka hivyo hata mara moja?

Wasalimie watoto, na mwambie Mama Swabra mtundu wake apimwe kichocho.

Wako nduguyo,
Mpiga picha wa Nsambya