Ganda la korosho ni la bure, mbona mkaa wake unauzwa?

Mama lishe wengi wa hapa Mtwara hutuuliza swali hili wanapokuja kuchukua mkaa. Maganda yamejaa nje ya viwanda vya kubangulia. Kwa nini mtu asijiokotee akayatia jikoni?

Tafadhali, msiyapikie. Lipasue ganda moja kwa kisu uliangalie. Nje kuna tabaka gumu, ndani kuna jingine, na katikati pana vijitundu kama sega la nyuki. Vijitundu hivyo vimejaa mafuta mazito ya rangi ya kahawia, karibu robo ya uzito wa ganda zima. Wabanguaji wanayafahamu kuliko mtu yeyote, ndiyo maana hujipaka majivu mikononi kabla ya kuanza kazi. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya anakadi, pamoja na kadoli, na yote mawili hubabua ngozi hadi ikatoka malengelenge. Ganda likiungua jikoni, mafuta hayo hupanda na moshi: macho yanawasha, kifua kinabana, masizi yanagandia sufuria. Aliyebeba mtoto mgongoni anavuta moshi huohuo pamoja na mwanawe.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ni kuyakamua. Mafuta yenyewe yana soko lake, maana hutengenezewa vanishi na bitana za breki za magari. Yanayobaki ni mashudu: nyuzi za mmea ziitwazo selulosi na hemiselulosi, zilizoshikanishwa na lignini, yaani gundi ya asili inayoupa mmea ugumu. Lignini ndiyo tunayoitaka hasa, kwa kuwa ikichomwa bila hewa ya kutosha huacha kaboni nyingi kuliko selulosi. Mashudu huingia kwenye tanuri lililozibwa na hukaa humo mpaka moshi ukatike wenyewe. Hapo hatuharakishi hata kama oda zimetukalia.

Mkaa wa kifuu cha nazi hutoka vipande vigumu. Huu wa korosho humeguka, kwa sababu ya ile sehemu ya katikati yenye matundu. Hivyo tunausaga, tunauchanganya na uji wa muhogo, tunaushindilia kuwa vitonge na kuvianika. Bei unayolipa ni ya kazi hiyo yote.

Kabla ya kununua, kwetu au kwingine, kisugue kitonge kwa karatasi. Karatasi ikipata doa la mafuta, usikichukue. Na vitonge vyetu vikishika moto vizuri halafu moshi ukaendelea kukuwasha macho, vizime uturudishie, tutakupa vingine.