Barua kwa Swaleh kuhusu upinde wa zamani

Ndugu yangu Swaleh,

Assalaam alaikum. Ama baada ya salamu nyingi kwako, kwa Bi Zuhura na kwa watoto, nakuarifu kwamba sisi huku Tanga tu wazima, alhamdulillahi. Mama anakuombea dua kila siku, na masika yametuachia tope mpaka mlangoni. Najua kwamba miezi mitatu ni mingi mno kumnyamazia mtu aliyeniandikia siku ya pili ya Idi, na udhuru wangu ni mmoja tu: ujumbe wako ulinigusa mahali ambapo sikutaka kupajibu kwa mistari miwili ya simu.

Uliniambia nimkataze yule kijana Bakari asianze safari ya silaha za Zodiac katika gemu letu, Final Fantasy XIV, kisha ukaongeza kwamba hata mimi niiache, kwa kuwa upinde wa levo ya 50 siku hizi ni kuni. Neno hilo la kuni nimelala nalo na kuamka nalo. Sasa nimeshapata Atma zote 12, vile vitu adimu vinavyodaiwa na safari hiyo, niko kwenye kitabu cha sita kati ya vile tisa vya kazi zinazofuata, na nadhani nina jibu.

Kwanza nikupe haki yako, maana kwa hesabu hukukosea. Mtu akiutwaa Artemis Bow kwa mhunzi Gerolt, akaupitisha hatua zote, Zenith, Atma, Animus, Novus, Nexus, akaendelea mpaka ukawa Yoichi Bow Zeta, mwisho wa yote ana silaha ya alama 135. Mwenzake aliyefika levo ya 50 jana anakwenda nchi ya Mor Dhona na tomestone zake za Poetics, ile sarafu ya zawadi, ananunua silaha ya Ironworks, anaiongezea ubora mpaka alama 130, na kazi imekwisha kabla ya siku mbili kupita. Wakishaingia Ishgard, mji wa sehemu inayofuata ya hadithi, wote wawili, hawatakwenda mbali kabla ya kupewa silaha nyingine inayozipita zote mbili. Wewe na mimi tuko levo ya 100. Nikiingia pango la Dawntrail, nyongeza ya gemu inayofika levo hiyo, na upinde ule mkononi, wenzangu watatu watalazimika kunibeba, na hiyo ni dhuluma ambayo sitamfanyia mtu.

Lakini upinde ule haukuzaliwa kuni. Gemu lilipofunguliwa upya mwaka 2013, na hatua hizi zikawa zinaongezwa moja baada ya moja, aliyeufikisha mwisho alishika mojawapo ya silaha bora kabisa zilizokuwepo. Ilipotoka nyongeza ya Heavensward mwaka 2015 na levo zikapanda hadi 60, upinde haukupungua hata alama moja. Dunia ndiyo iliyosogea na kuuacha. Kazi ya kuutengeneza nayo imebaki palepale, na mhunzi wake yuko palepale Hyrstmill na madeni yake. Basi swali linalonishughulisha ni kama kazi ile ina thamani yake yenyewe, hata baada ya ujira wake kushuka namna hii. Nimefika mahali pa kusema kwamba inayo, ingawa si kwa kila mtu wala si katika kila hatua, na sababu yangu niliipata kwenye zile Atma.

Unakumbuka babu yako, Mungu amrehemu, alivyokuwa akitukalisha barazani na kitabu chake cha falaki, akatuimbisha buruji mpaka tukazishika kwa mpangilio: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu, Hutu? Kila Atma imebeba jina la buruji moja na inapatikana katika nchi moja tu. Nilichukua daftari nikaziandika kwa majina ya babu. Asadi ikawa Outer La Noscea, Akrabu ikawa Southern Thanalan, Sumbula ikawa Central Shroud, na kadhalika mpaka zikatimia, na kila niliyoipata niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kwa muda wa wiki tano daftari hilo lilikaa kando ya kibodi, na mara nyingi nilijikuta nikizisoma kwa sauti yake.

Sasa nikueleze usiku wa Sumbula. Central Shroud ndiko tulikoanza, mimi na upinde wa mti, wewe na fimbo yako ya kwanza, na nilipojaribu kukumbuka mara ya mwisho kukanyaga huko kwa miguu, sikuweza. Tunapita mji wa Gridania kwa aetheryte, yale mawe ya kusafiria papo hapo, tunauza vitu, tunaruka tena. Usiku ule nilisimama chini ya miti ile nikisubiri FATE, yale mapambano ya wazi anayoweza kuyaingia yeyote, ichipuke, na ilipochipuka gemu likanishusha levo kama linavyomshusha kila mtu, nikabaki na mishale ya aina mbili tatu, ileile niliyoanza nayo. Alikuwepo Lalafell mmoja, wa lile kabila la watu wafupi, mwenye nguo za siku ya kwanza, mponyaji, peke yake. Kila nilipoguswa na adui alinitibu, hata pale ambapo sikuhitaji, na alisimama karibu mno na hatari kama wewe ulivyokuwa ukisimama. Nilipunguza mwendo makusudi ili naye apate sehemu yake ya ushindi. Tulipomaliza akainama kunishukuru, nami nikainama, kisha tukafanya FATE nyingine nne pamoja bila kuandikiana neno. Atma ilitoka kwenye ile ya tatu. Mbili za mwisho nilizifanya kwa ajili yake.

Kazi hiyo hakuna silaha mpya inayoweza kunipa, Swaleh. Upinde ninaotumia sasa niliupata kwa kurudia kazi ileile wiki baada ya wiki, na ukiniuliza pale mahali panafananaje, sitakueleza, maana macho yangu yote yalikuwa kwenye alama za hatari zinazochorwa sakafuni. Huu wa zamani umenituma kwa miguu katika nchi 12, na vitabu vyake tisa, kila kimoja kikidai aina 10 za maadui, mapango matatu, FATE tatu na leve tatu, yaani kazi ndogo za malipo, vinanirudisha mahali tulipopapita tukikimbilia mbele. Nimeingia tena mapango ambayo mara ya kwanza tulikufa humo mpaka saa nane za usiku. Nimesoma mazungumzo tuliyokuwa tukiyaruka kwa haraka ya kufika levo inayofuata. Nimezifahamu nchi za mwanzo wa gemu kuliko nilivyozifahamu nilipokuwa mgeni.

Hata hivyo sitaki udhani kwamba natetea kila kitu. Ziko hatua ambazo ni bahati tupu, na bahati haiwi kazi kwa kuichosha. Hutu, kule Lower La Noscea, niliipata jioni moja. Jadi ilinikalisha East Shroud jioni 11, na kuanzia ya saba sikuwa natazama miti wala watu. Nilikuwa nahesabu tu. Jioni mbili nyingine zilipotea zote kwa sababu niliacha upinde wa Zenith kwenye sanduku nikapigana na ule mpya, na ukifanya hivyo Atma haitoki abadani. Niligundua saa saba ya usiku nilipokuwa nafunga gemu, nikakaa nikiutazama ule upinde kwenye sanduku mpaka mama akagonga mlango kuuliza kama naumwa. Halafu ziko FATE zinazotajwa vitabuni kwa jina, ambazo hutokea zinapopenda zenyewe, na moja kati ya hizo imeniweka kwenye theluji ya Coerthas tangu Jumapili. Mbunifu anayemsimamisha mtu siku nne akitazama theluji amekosea, na gemu likiwa la zamani kosa lake halifutiki.

Na hapo ndipo ninapokuja kwa Bakari, kwa sababu kwake nakubaliana nawe, ila kwa sababu zisizo zako. Yeye anaucheza mchezo kwa lile jaribio la bure ambalo sasa linafika mpaka levo ya 70, na ni neema kubwa kwa kijana asiye na kadi ya benki. Lakini jaribio lile halimruhusu kununua kwenye soko la wachezaji, halimruhusu kuunda kundi mwenyewe, na fedha yake haiwezi kuzidi gil 300,000. Akifika hatua ya Novus atatakiwa kuwa na materia 75, vile vito vya kuongezea silaha nguvu, na bila soko atazisaka moja moja mpaka achoke na gemu zima. Tena ana levo ya 50 sasa hivi. Hadithi ya Ishgard, ambayo mimi na wewe tulilia nayo, inamngoja mlangoni. Kumzuia pale nje akisubiri bahati ya Atma kwa silaha atakayoiacha baada ya mapango machache itakuwa ni kumnyima kitu kizuri kwa wakati wake. Nimemwambia aendelee mbele, na nimemwambia pia kwamba upinde hautakwenda popote, kwamba siku akizipenda nchi zile kiasi cha kutaka kuzirudia, ndipo aende kwa mhunzi. Aliuona wangu uking'aa akautamani, na sikutaka kumwambia kwamba alichokitamani ni kuni.

Nadhani sasa unaona tunapotofautiana. Wewe unapima silaha kwa atakayepigwa nayo. Kwa anayepanda levo kipimo hicho ni cha haki, na ndicho nilichomtumia Bakari. Kwa mtu aliyekwisha kufika, asiye na adui anayemhitaji awe na nguvu zaidi usiku huu, kipimo hicho hakina cha kupima. Mimi nalipia gemu hili kila mwezi, na mwezi niliokuwa na daftari la buruji ndio nilioutumia vizuri kuliko yote ya mwaka huu. Hata umeme ulipokatika katikati ya Mizani nilikaa gizani nikipanga njia ya kesho, Central Thanalan kwa miguu mpaka mgodini, na sikumbuki ni lini silaha mpya ilinifanya nipange njia. Kausi ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Ilitoka North Shroud, si mbali na nyumba ya Gerolt mwenyewe, nayo ni buruji ya upinde, nami ni manju, mwenye upinde. Nilipoipigia mstari kwenye daftari mikono ilinitetemeka.

Kuna jambo moja ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Safari hii tuliianza wawili. Wewe ulichukua Thyrus, mimi nikachukua Artemis, siku moja, kwa mhunzi mmoja, na tukamshinda jitu Titan pamoja baada ya kuanguka mara sijui ngapi. Ulipofika kwenye Atma ukasimama, ikaja kazi ya Muscat, akaja mtoto wa pili, na mimi kwa aibu ya kukutangulia nikasimama pia. Nilipoisoma ile kauli ya kuni nilijiuliza kama ulikuwa unausema upinde wangu au fimbo yako. Sikulaumu kwa lolote, ndugu yangu. Ila kila nilipopita nchi mpya nilikuwa naona mahali ambapo ungesimama.

Basi nina ombi. Kitabu cha saba kina mapango matatu, na kwa levo yangu naweza kuyapita peke yangu kwa dakika chache kila moja. Sitaki kuyapita hivyo. Nataka tuyaingie kwa levo yake ya zamani, wewe na fimbo, mimi na upinde, Ijumaa moja baada ya Isha, saa nne ya usiku huku na saa tano kwenu, wakati watoto wameshalala. Nafasi mbili zilizobaki atakuja Mwanaisha kwa hakika, na Bakari nitamwita awe wa nne, ili aone tulivyokuwa tukicheza.

Je, Thyrus yako bado iko Zenith? Zile Atma saba ulizokuwa umezipata, unazo bado kwenye sanduku, au ulizitupa ulipohama? Kama unazo, ni buruji zipi zilizobaki, nikuandikie nchi zake kutoka kwenye daftari? Intaneti ya nyumba mpya inatosha kucheza, au bado unategemea simu? Ijumaa ipi Bi Zuhura atakuruhusu? Na kile kitabu cha falaki cha babu, alikirithi nani? Kama kiko kwako, naomba unipigie picha ukurasa wa buruji, maana kuna mstari baada ya Hutu ambao tulikuwa tukiuimba na siukumbuki tena.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Wako,
Hamadi
Tanga