Ile n ya nyumba kubwa imeenda wapi

Zuhura shoga yangu,

Salamu sana, natumai mama na watoto hawajambo. Voisi yako nimeisikia na swali la wanafunzi wako limenikaa kichwani, eti kwa nini twasema nyumba ndogo, nyumba mbaya, nyumba ngumu, halafu tukifika kwa kubwa hakuna n, ni nyumba kubwa tu. Usiwaambie "ndo ilivyo" jamani, jibu lipo na ni tamu.

Zamani hiyo n ilikuwepo ngeli nzima. Ikikutana na d, b, g imebaki mpaka leo (kwa b inageuka m, ndo maana mbaya), ila kwa p, t, k yenyewe ikatoweka ikaacha pumzi. Mskize mzee wa Mombasa au Lamu, mshikie kikaratasi mbele ya mdomo, aseme kitu kikubwa kisha nyumba kubwa, hiyo k ya kubwa ya kwanza karatasi yatulia, ya pili yaruka! Yaani n ipo hapo hapo, imejificha kwa hewa.

Na hiyo hewa inabeba maana. Paa la nyumba halina pumzi kwa sababu wingi wake mapaa, hiyo ngeli haina n tangu mwanzo, ila paa yule mnyama anayo. Kaa la moto halina, kaa wa baharini anayo, tembo la mnazi halina, tembo wa porini anayo. Kwa maandishi ni neno moja, kwa sikio la mzee ni mawili kabisa, na hizo ndo huitwa fonimu, sauti ukiibadilisha na maana inabadilika. Mkutano wa 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa papa hapa, lakini tahajia tunayoandikia haina alama ya hiyo pumzi, na mimi inaniuma sana maana mtoto anayejifunza kwa kitabu tu atajuaje kama ipo?

Waingereza nao wanayo, kwa pin wanapumua, kwa spin hawapumui, ila kwao haitenganishi maneno so wengi hata hawaisikii. Na Kiganda r na l hazigombani, r huja baada ya e na i, kwingine ni l, nafasi ndo inaamua. Sisi kula na kura ni mambo mawili, kwa hiyo yule mwanafunzi wako aliyekulia Kampala akichanganya tafadhali asichekwe darasani, sikio lake limezoea kuzihesabu hizo mbili kuwa moja, apewe muda na maneno ya kulinganisha atazipata.

Ukienda Lamu likizo mwombe nyanya aseme ukuta halafu kuta, upande halafu pande, umrekodi kwa simu unitumie, nataka nisikie kama bado anapumua kwa wingi.

Wako,
Mwanaisha