Meza kidonge hata usiku wa kunywa

Dada yangu mpenzi,

Salamu kutoka Mtwapa. Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti, na moyo umeniuma. Unasema umeacha PrEP, vile vidonge vya kujikinga na HIV, kwa kuwa usiku wa kazi unakunywa, tena kuna aliyekuambia vidonge vitaharibu homoni.

Pombe haiui nguvu ya PrEP. Kinachotuponza ni kusahau, au kuruka kidonge kwa kuogopa kuchanganya, kisha usiku huohuo mteja aongeze pesa ili mpira usivaliwe, nasi tumeshalewa. Kimeze ukiamka, na chai, kabla chupa yoyote haijafunguliwa. Estrojeni yako, hiyo homoni ya kike, nayo haishushwi na vidonge hivyo. Ila kwa kuwa unaitumia, usifuate mtindo wa kumeza viwili kabla ya tendo na kimoja kimoja baadaye. Sisi ni kila siku.

Sikuambii uache pombe. Najua inavyokupa moyo wa kusimama pale polisi wakipita na watu wakitukana. Lakini bei na mpira vimalizwe kabla ya glasi ya pili, na kinywaji kisichofunguliwa mbele yako usikiguse. Wenye mchele, wale wanaotia dawa za kulevya kwenye vinywaji vya watu, hawaishi. Mafuta ya mgando yaachie ngozi, yanadhoofisha mpira hadi unapasuka. Chukua kilainishi cha maji. Na mpira ukipasuka siku ambazo humezi PrEP, kimbilia PEP, dawa za kuzuia HIV baada ya hatari, kabla saa 72 hazijaisha, na ni dozi ya siku 28.

Kinachoninyima usingizi ni sindano. Hata kama ni ya homoni tu, hata kama ni ya mwenzio wa chumba kimoja, usichangie. HIV na homa ya ini haziulizi ndani ya bomba mna unga au mna homoni. Chanjo ya homa ya ini B ipo, uliza.

PrEP haizuii kaswende wala kisonono. Kisonono cha kooni na cha njia ya haja kubwa mara nyingi hakina dalili, na kipimo cha mkojo hakikioni. Lazima useme wachukue sampuli huko pia. Najua ilivyo vigumu kulisema hilo kwa mtu aliyetoka kukuita "kaka" mbele ya foleni nzima, kwa hiyo twende pamoja kwa nesi wangu, yeye hutuita kwa majina yetu.

Jumatano asubuhi unafaa? Njoo na kadi yako ya kliniki na hiyo chupa ya homoni, aone unachojidunga.

Wako akupendaye,
Dada yako wa Mtwapa