Zile kura tatu

Likoni, Mombasa
3 Juni 2025

Shoga yangu Mwanajuma,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, watoto hawajambo, mamako hajambo na goti lake ni lile lile. Salamu zilizobaki utapewa na Bi Tima, ndiye mletaji wa barua hii, na yeye kwa salamu hahitaji karatasi. Usinicheke kuandika kwa kalamu kama tuko darasa la sita. Simu yangu Mishi anaisoma kuliko mimi mwenyewe, na huko kwenu nasikia X imefungwa, sasa nikianza kukuletea siasa kwenye WhatsApp nitakutia matatani na shemeji. Bora kikapu cha Bi Tima.

Lililonishikisha kalamu ni Martha Karua, huyu mwanasiasa wetu anayeutaka urais 2027.

Najua umesikia. Tarehe 18 Mei alishuka hapo Dar kuja kuhudhuria kesi ya Tundu Lissu, yule mpinzani wenu, akazuiwa uwanjani, akarudishwa Nairobi. Mimi habari hizo nilizipatia kwenye karai. Unakijua kibarua changu hapa feri, mtu akisubiri viazi viive lazima aseme jambo. Kijana mmoja akasema, "Huyu ndiye anautaka urais? Uwanja wa ndege tu umemshinda, Ikulu ataiweza?" Mzee mmoja akamjibu, "Aliyeshindwa harudishwi, mwanangu. Anayerudishwa ni anayeogopwa." Wakaanza kupigana maneno mpaka feri ikafika, wakaondoka wote, na mmoja hakunilipa. Sikusema ni yupi.

Usiku Mishi akaniuliza, "Mama, si rais wa kule ni mwanamke?" Nikamwambia ndiyo. "Sasa mbona?" Nikamwambia akaoshe vyombo.

Lakini swali lenyewe halikuenda kuosha vyombo naye. Mwaka 2021 Mama Samia alipoapishwa, wewe ulinipigia simu unalia, na mimi huku nalia, hata hatukuwa tunajua tunalilia nini. Kisha juzi akasema wanaharakati wa kutoka nje wasiachiwe kuja kuvuruga nchi. Sitaki uniandikie maoni yako juu ya hilo, unaishi huko. Nasema tu kwamba nilikuwa mjinga, nilidhani mwanamke akikaa ndani atamfungulia mlango mwenzake aliye nje. Kumbe mlango ukishakuwa wako unaupenda jinsi ulivyo.

Haya, tuyaache. Au tusiyaache, ndiyo niliyokujia.

Jumapili kwenye chama chetu cha kuchangishana, zamu ilikuwa kwa Bi Rukia, hatukuhesabu hata michango. Ni Martha tu. Tangu azindue kile chama chake kipya cha siasa mwezi wa pili (si kipya, ni NARC-Kenya kimebadilishwa jina, sasa ni PLP, People's Liberation Party) kila mtu amekuwa mpiga ramli. Mama Fatma anasema hatafika debeni. Anasema angalia wale wapinzani wanavyopiga picha, Kalonzo, Gachagua, Matiang'i, na Martha yumo katikati yao, na wote wanasema watamtoa mgombea mmoja. Sasa mmoja huyo atakuwa yeye? "Watamwambia mama wewe tunakuheshimu sana, kaa hapa pembeni." Kama ilivyokuwa 2022, awe mgombea mwenza tu, kama alivyokuwa kwa Raila. Na hata hiyo 2022 unakumbuka, wagombea wanne, watatu walichukua wanawake kuwa wagombea wenza, na aliyeshinda ni yule wa nne.

Mwalimu Saumu akasema hapana, safari hii ataenda mwenyewe, maana amebakiwa na nini cha kuogopa? Ugavana Kirinyaga aliukosa 2017, umakamu ukampita 2022, tena kwao huko huko wakampigia Ruto kwa wingi. Mtu aliyekwisha kulowa haogopi mvua. Halafu akatutolea somo la katiba, unamjua. Anasema rais lazima apate nusu ya kura na moja zaidi, na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, asipopatikana wanarudia wawili wa juu. Kwa hiyo duru ya kwanza mpigie unayemtaka, ya pili ndiyo umpigie unayemvumilia. Nikaona kweli! Miaka yote hii tangu 2010 hatujawahi kuifikia hiyo duru ya pili, tunavumilia kuanzia ya kwanza.

Bi Rukia hakutaka. Akasema nchi haitawaliwi na mwanamke, akaanza na dini, akamaliza na mume wake. Mwalimu Saumu akamuuliza, "Mji huu unaokaa, kabla ya Shehe Mvita ulikuwa wa nani? Si wa malkia Mwana Mkisi?" Tukapiga vigelegele. Bi Rukia akaweka kikombe chini taratibu, akasema, "Mwana Mkisi hakuomba kura."

Wallahi tulinyamaza. Mpaka leo sina jibu lake. Maana anasema kweli, Mwanajuma, anasema kweli bila kujua. Kutawala wanawake tumetawala. Hata hapo Kwale tu gavana ni Fatuma Achani na jua linachomoza. Shida iko kwenye kuomba. Mwanamume akizunguka kuomba kura anaitwa shujaa, mwanamke akizunguka wanauliza mumewe anakula nini. Charity Ngilu alizunguka kuomba urais mwaka 1997, tulikuwa wasichana, unakumbuka watu wakiimba masaa ya Ngilu? Akawa wa tano, na watu wakasema amejitahidi, kama mtoto aliyekojoa chooni mara ya kwanza.

Na lile neno. Kila mteja wangu analo. "Martha ni mzuri, hana kashfa, anajua sheria, lakini hawezi kushinda." Nikiwauliza wewe utampigia? "Nikampigie ili kura yangu ipotee?" Watu kumi wanaosema ni mzuri, watu kumi hawampigii, jioni wanashangaa hakushinda. Mmoja juzi akaongeza kwamba amezeeka, 2027 atakuwa anakaribia sabini. Nikamuuliza Kalonzo ana miaka mingapi? Akaomba pilipili.

Sasa hapo ndipo penyewe, na nimezunguka kurasa mbili kabla ya kufika.

Ile leso. Uliyoninunulia baada ya uchaguzi wa 2013, doti moja, ukanipa kipande kimoja ukabaki na kimoja. TULIPO TWATOSHA. Mishi anaivaa siku hizi, mimi hainitoshi kwa sababu viazi navyo ninavila. Wiki iliyopita akaniuliza jina lake lina maana gani. Nikamsimulia. Nikamwambia tarehe 4 Machi 2013 Mama Mwanajuma alikuwa karani wa kituo, zile mashine zikagoma, mkakesha na taa mkihesabu makaratasi. Nikamwambia katika lile rundo kubwa zilitoka kura tatu tu za Martha Karua, na nchi nzima alipata 43,881, hata mwalimu Dida alimpita. Nikamwambia asubuhi ulikuja kwangu macho mekundu, ukanikumbatia mlangoni ukasema, "Moja yangu, moja yako, na ya tatu Mungu ambariki mwenyewe." Mishi akafurahi sana. Akaniuliza, "Kwa hiyo mama ulimpigia wakati hakuna aliyempigia?"

Nikamwambia ndiyo.

Sikumpigia, Mwanajuma.

Nilikuwa nimekwambia nitampigia na nilitoka nyumbani nikijua nitampigia. Nilisimama kwenye foleni tangu alfajiri, na foleni nzima ilikuwa ya Baba, yaani Raila. Mbele Baba, nyuma Baba. Yule kaka wa maji akaniuliza, nikasema Baba, nikajiambia nimemdanganya tu. Nikaingia kwenye kile kibanda, nikaishika karatasi, nikaiona picha yake, mwanamke peke yake kati ya wanane. Nikawaza, kura moja, itamsaidia nini? Afadhali niongeze panapohesabika. Mkono ukaenda wenyewe. Na hakushinda hata huyo niliyempigia, na leo amekaa na hao hao aliokuwa akitulilia habari zao, kwa hiyo hata kupotea imepotea.

Ungekuja mlangoni kimya ningekwambia siku ile ile. Lakini ulikuwa umekwisha kufurahi. Kisha ukaja na leso. Kisha ukaanza kunitambulisha kwa watu, "huyu ndiye mwenzangu wa zile tatu," hata kwenye harusi yako mbele ya mashemeji. Kila mwaka ulivyopita ndivyo lilivyozidi kuwa zito. Miaka kumi na miwili nimevaa sifa isiyo yangu, na sasa nimemvisha mtoto.

Mishi atakuwa na miaka kumi na minane 2027. Anasema kura yake ya kwanza ni ya Martha akisimama. Rafiki zake wanapiga kelele za wantam kutwa, kwamba Ruto awe wa muhula mmoja tu, lakini ukiwauliza nani badala yake wanaangalia simu. Yeye ana jina. Na analo kwa sababu ya uongo wangu. Nimwambie ukweli? Au nimwache mpaka apige kwanza? Unaonaje, wewe mwenye binti wakubwa?

Bi Tima anarudi baada ya Idi, mpe majibu, usitume kwa simu. Umekasirika? Sema kweli, umekasirika kiasi gani, cha kurudishiwa leso au cha kunyamaza mwezi? Kipande chako bado unacho? Na hapo kwenye ubalozi wetu Dar, ile 2013 Wakenya walipiga kura huko, jina lako umeshawahi kulihamisha au bado liko hapa Likoni? Uliza mapema, ingawa sijui utamuuliza nani, tume ya uchaguzi yenyewe tangu 2023 haina hata makamishna. Mamako anauliza ile dawa ya goti ya kupaka ni ya duka gani, hii ya hapa inanuka bure. Na unadhani atasimama kweli, au wale wazee watamgeuza tena?

Kuna jingine, nimelifikiria usiku kucha na nimelala saa tisa. Kura zilikuwa tatu. Yangu haimo. Kwa hiyo hapa mtaani petu kuna wawili ambao hatuwajui, wamekaa kimya miaka yote hii wakitusikiliza tukijisifu.

Au ni watatu? Mwanajuma, yako ilikuwamo?

Wako,
Mama Mishi