Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Abiria, Dodoma (Julai 2024 hadi Juni 2025)

Ndugu wanachama,

Salaam. Katiba yetu inanitaka nisimame mbele yenu mara moja kwa mwaka nieleze kamati imefanya nini na imefikia wapi. Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na mambo ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nitakaa zaidi kwenye safari ya Dodoma na Dar es Salaam, kwa sababu malalamiko mengi mliyotuletea yametoka kwenye barabara hiyo, na kwa sababu kuna jambo moja ndani yake linaloniumiza kuliko mengine yote: abiria anauziwa huduma, analipa, halafu akipanda haikuti.

Nianze na nauli, maana dai letu linasimama hapo. Kwa viwango vilivyotangazwa Desemba 2023 na LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, abiria wa basi la mikoani la daraja la kawaida hulipa shilingi 48.47 kwa kila kilomita, na wa daraja la kati hulipa shilingi 67.84. Kutoka hapa hadi Dar ni kilomita 450 hivi. Piga hesabu: daraja la kawaida linakuja karibu shilingi 21,800, la kati karibu 30,500. Tofauti ni shilingi 8,700 kwa kila kichwa, tena kwenda tu. Fedha hiyo si ya barabara, kwani barabara ni ileile. Si ya mwendo pia, kwani basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, liwe kuukuu au limetoka bandarini jana. Ni fedha ya viti viwili viwili badala ya vitatu upande mmoja, ya kiyoyozi, na ya huduma nyingine zilizochorwa ubavuni mwa gari na kutangazwa na mawakala pale kituo cha mabasi cha Nanenane. Huduma hizo zisipokuwepo, shilingi 8,700 ya mtu imechukuliwa bure. Ni kama kununua gunia la mahindi Kibaigwa, ukalipia debe sita, ukalifungua nyumbani ukakuta nne.

Mwaka wetu ulikuwa umeanza tu, tarehe 25 Julai 2024, treni ya reli ya kisasa, SGR, ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma. Nauli ya treni ya kawaida kutoka Dar ni shilingi 31,000, karibu sawa na basi la daraja la kati, na inafika kwa nusu ya muda. Wengi wenu mlihamia huko na hakuna wa kuwalaumu. Kamati ilitarajia kwamba wenye mabasi, wakiona viti vinabaki vitupu, wataboresha kile walichonacho. Wapo walioboresha. Wengine wamepunguza magari barabarani, na yale yaliyobaki yanakaa kituoni mpaka yajae, saa iliyoandikwa kwenye tiketi ikiwa imepita zamani.

Katika vikao vya mwaka huu limeulizwa mara kwa mara swali: kama treni ipo, chama cha abiria wa basi ni cha nini tena? Naomba nilijibu kwa uzito wake. Reli inapita Kilosa, Kidete na Gulwe. Barabara inapita Dumila, Gairo, Kibaigwa, Mbande na Chamwino. Mfanyabiashara anayefuata nafaka soko la Kibaigwa hawezi kushukia stesheni. Mwalimu anayefundisha Gairo hana treni. Mgonjwa anayeletwa Hospitali ya Benjamin Mkapa kutoka vijiji vya Kongwa hana treni. Anayekwenda Kondoa na Babati, au Iringa kwa njia ya Mtera, hana treni. Hao ndio wenye basi, na watu hawa hawapaswi kupewa huduma mbovu kwa kuwa tu hawana pa kukimbilia.

Sasa nije kwenye huduma zenyewe.

Choo ndicho kilicholeta malalamiko mazito kuliko yote. Mabasi kadhaa ya njia yetu yana choo ndani, na choo hicho kinatajwa tiketi inapouzwa. Ukishapanda unakuta kimefungwa kwa ufunguo. Ukimuuliza mhudumu, utaambiwa maji hayapo, au kinatoa harufu, au ni cha dharura. Wanachama wetu wawili walieleza kwa maandishi kwamba mlango ulipofunguliwa Morogoro waliona ndani mmejaa vifurushi. Yaani chumba kilicholipiwa na abiria kimekuwa stoo ya mizigo, na mizigo hiyo nayo imelipiwa na mtu mwingine.

Kinachobaki ni kuchimba dawa. Basi linasimama porini kati ya Gairo na Kibaigwa, kondakta anatangaza dakika tano, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Tumelizoea neno hilo na tumelizoea jambo lenyewe, na mimi naona mazoea hayo yametudhuru. Mwanachama wetu mmoja, mama mtu mzima mwenye kisukari, alisimama kwenye mkutano wa robo ya pili akaeleza kwamba siku ya safari hanywi maji tangu usiku uliotangulia. Daktari wake amemwambia anywe maji ya kutosha. Basi linamlazimisha kukaa na kiu kuanzia Nanenane hadi kituo cha Mbezi, Dar. Wapo wajawazito wanaofanya hivyohivyo. Wapo wazee wa tezi dume ambao wameacha kabisa kwenda kuwaona watoto wao Dar. Mama akishuka porini na kanga yake, hana kizuizi cha kujisitiri, malori yanapita, na nyuma yake dereva anapiga honi. Mkutano ule ulikaa kimya alipomaliza kusema, na ilipasa ukae kimya. Kwangu mimi choo kinachofanya kazi ni haki ya kwanza ya abiria wa safari ndefu, na sitakubali kamati yetu ikiweke kwenye fungu moja na runinga.

Kiyoyozi kinafuata. Zamani mabasi yetu mengi yalikuwa yale ya kuungwa bodi hapa nchini, na dirisha lake unalisukuma mwenyewe. Haya ya sasa yanayotoka China yana vioo visivyofunguka, hivyo kiyoyozi kikizimwa hakuna hewa ya namna nyingine. Nacho kinazimwa: dereva akipanda kilima, akitaka kubana mafuta, au mtambo wenyewe ukiwa mbovu tangu wiki iliyopita na gari likapangiwa safari hivyohivyo. Jua la saa nane mchana huku kwetu Ugogoni mnalijua. Mtoto mchanga ndani ya chumba cha vioo kwa hali hiyo anaweza kudhurika, na mzazi aliyelipia daraja la kati ndiye anayempepea kwa gazeti.

Matundu ya kuchajia simu yapo karibu kila kiti, ila mengi hayana umeme. Vijana wa kamati walilipatia jambo hili uzito kuliko nilivyotazamia, na baada ya kuwasikiliza naona wana hoja. Tangu Serikali iruhusu mabasi ya mikoani kusafiri usiku mwaka 2023, wengi wetu tunafika Nanenane saa nane au saa tisa za usiku. Saa hizo daladala hakuna. Unahitaji bajaji au bodaboda, unahitaji kumpigia ndugu yako wa Nkuhungu au Chang'ombe akufungulie mlango, na fedha yako iko ndani ya simu. Simu ikizima, umekwama kituoni na mizigo yako mpaka alfajiri.

Kuhusu runinga nitasema kwa kifupi. Sauti inawekwa juu kuanzia safari inapoanza, filamu baada ya filamu, nyingine hazifai kutazamwa na mzazi akiwa amekaa na binti yake. Tunaomba sauti ishuke na usiku izimwe. Soda na biskuti zimepungua kwenye kampuni kadhaa. Hilo halinikoseshi usingizi.

Mikanda ya viti ni jambo jingine, na hapa sisi abiria tuna sehemu yetu. Kwenye magari mengi mikanda imefukiwa chini ya vitambaa vya viti, au kifungio chake kimeng'oka. Ukiingia, iulize kabla ya kukaa. Usikubali kuambiwa kwamba mkanda ni wa wale wa mbele tu.

Sasa neno lile lililoandikwa mbele ya magari, la kwamba ni basi la haraka. Nimeshaeleza kwamba mwendo una kikomo cha kisheria, na mabasi yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo ili kikomo hicho kiheshimiwe. Ndani ya miji na vijiji ni kilomita 50. Hivyo hakuna dereva mwenye haki ya kuwafikisha mapema kwa kukanyaga mafuta, na abiria anayempigia makofi dereva wa namna hiyo anahatarisha maisha ya wenzake. Basi la haraka maana yake liwe ni lile lisilosimama ovyo. Hapo ndipo tunapodanganywa. Gari lililouzwa kuwa la moja kwa moja linaokota abiria Chalinze, linashusha vifurushi Dumila, linasimama robo saa kwa muuza vitunguu, kisha linaingia hoteli ambayo wahudumu wanakula bure na abiria anauziwa chipsi kuku kwa bei ya juu na kulipia choo. Saa hizo zinazopotea ni zetu.

Kosa baya kuliko hilo ni kufaulishwa. Gari limeharibika, au lina abiria wachache mno, mnashushwa Morogoro na kupakiwa gari jingine la daraja la chini, wengine wakikaa kwenye ndoo katikati ya njia. Tofauti ya nauli hairudishwi. Ukiidai, unaulizwa tiketi, na tiketi uliyonayo ni kipande kilichoandikwa kwa kalamu, hakina daraja wala namba ya gari.

Ndiyo maana kazi kubwa ya kamati mwaka huu ilikuwa juu ya tiketi. Sheria iliyoanzisha LATRA mwaka 2019, Sura ya 413, imeunda pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, LATRA CCC, kwa ajili ya kutetea watu kama sisi. Mlango upo. Lakini anayeupiga hodi akiwa hana ushahidi mkononi anakwenda na maneno matupu. Tumezunguka na vipeperushi kituoni tukiwasihi abiria wadai tiketi ya kielektroniki yenye jina, namba ya kiti, daraja, saa ya kuondoka na nauli kamili, na wapige picha choo kilichofungwa au kiyoyozi kilichozimwa, picha ionyeshe na namba ya gari. Wapiga debe hawakutupenda, ila mawakala wawili watatu walitukaribisha vibandani mwao tukae na vipeperushi vyetu.

Tulikutana pia na wawakilishi wa kampuni kadhaa. Kampuni moja ilikubali kufungua choo na kuweka mtu wa kukisafisha kila gari linapofika, na wanachama wanaoipanda wanasema imetimiza. Nyingine ilikubali wakala aseme kabla ya kupokea fedha kama kiyoyozi ni kibovu. Ya tatu ilitujibu kwamba asiyeridhika apande treni. Jibu hilo limeandikwa kwenye kumbukumbu zetu, na katibu ataendelea kuwaandikia.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba ridhaa yenu juu ya mambo matatu. La kwanza, tupeleke LATRA CCC pendekezo kwamba basi la daraja la kati ambalo kiyoyozi au huduma nyingine ya daraja hilo haifanyi kazi siku ya safari, liuze tiketi kwa nauli ya daraja la kawaida, na abiria aliyefaulishwa kwenye gari la chini arudishiwe tofauti siku hiyohiyo. La pili, choo kilichotangazwa kikaguliwe kama vinavyokaguliwa breki na tairi. La tatu, tuombe wamiliki wa bajaji wanaopaki Nanenane wakae nasi tukubaliane bei ya usiku kwa kila kata, ibandikwe pale abiria anaposhukia.

Ndani ya kamati wapo waliotaka tuongeze dai la intaneti ya bure ndani ya mabasi. Nimelipinga na nitaendelea kulipinga mpaka mama yule wa kisukari aweze kunywa maji akiwa safarini. Wenye maoni tofauti wanayo nafasi ya kusema leo, na kura itaamua.

Nawashukuru wajumbe wa kamati waliotumia Jumamosi zao kusimama juani na vipeperushi, na madereva na makondakta waungwana, ambao wapo wengi, walioshirikiana nasi. Namkaribisha mhazini asome hesabu, kisha tuingie kwenye kura, tukianza na pendekezo la nauli.

Mwenyekiti