Madirisha ya treni yakifungwa, kuku wa Saranda aingie kupitia behewa la chakula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee abiria wa safari ndefu za treni, pamoja na akina mama wanaopika kandokando ya reli huku kwetu kanda ya kati.

Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwezi Julai 2024, mazungumzo ni ya mwendo tu. Kilomita 160 kwa saa, unatoka Dar es Salaam asubuhi na mchana uko Dodoma unaendelea na shughuli zako. Nafurahi kama wengine. Lakini reli haiishii Dodoma. Ukihesabu pamoja na njia za kupishania treni, kipande cha Makutupora hadi Tabora kina kilomita 368, cha Tabora hadi Kigoma 506, cha Mwanza hadi Isaka 341. (Makutupora ninayoisema ni ya wilayani Manyoni, mkoa wa Singida, wageni wengi huichanganya na Makutupora yetu ya zabibu hapa Dodoma.) Siku vipande hivyo vitakapoungana, watu watakuwa wanalala na kuamka ndani ya treni ile ile ya kisasa, na suala la watakula nini litataka jibu la maana.

Kwa safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, isiyofika saa nne, chai na kitafunwa vinatosha. Aliyekula nyumbani anashuka bado hana njaa. Kigoma ni habari nyingine. Kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika ni zaidi ya kilomita 1,200, na ndani ya mabehewa kuna watoto, wazee, wajawazito, na wagonjwa wa kisukari ambao hawatakiwi kuruka mlo.

Sasa nije kwenye madirisha, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Treni mpya madirisha yake hayafunguki. Ndani kuna kiyoyozi, nje kuna uzio, na asiye na tiketi hafiki kwenye jukwaa la abiria. Siyapingi hayo, ni usalama, na treni ya umeme yenye kasi ile haiwezi kuzungukwa na watu waliobeba mabeseni kichwani. Ila reli ya zamani, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, imelisha abiria wake kupitia dirishani kwa vizazi na vizazi. Kintinku, Saranda, Manyoni, Itigi: mtu akikutajia stesheni hizi anakutajia na chakula chake. Dirisha likifungwa moja kwa moja, na pasiwe na mlango mwingine uliofunguliwa mahali pake, watakaoumia ni wale wale ambao reli ndiyo shamba lao.

Marehemu shangazi yangu, dada yake baba, aliuza kuku Saranda. Kuku alichinjwa mchana, akachemshwa kwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu, kisha vipande vikakaangwa kwa mafuta ya alizeti mpaka ngozi ikakauka na kubadilika rangi. Hakumkaanga mapema. Alisubiri apate habari kwamba treni imeshaondoka Dodoma, ndipo akaweka karai motoni, kwa sababu abiria akigusa kuku akamkuta wa baridi anamrudisha na kuhamia kwa mwingine. Beseni lilifunikwa kitambaa cheupe kilichofuliwa kila siku. Treni ikisimama, vichwa vinatoka madirishani: "Mama, paja bei gani?" Paja linapanda, noti inashuka, chenji inapanda. Mara nyingine honi ililia chenji ikiwa bado mkononi, na shangazi akakimbia sambamba na behewa mpaka aifikishe kwa mwenyewe. Binamu zangu wamesomeshwa na beseni lile. Ninapomkumbuka nakumbuka pia hatari ile ya kukimbia kando ya magurudumu ya chuma, na sitaki binti yeyote aendelee kupata riziki kwa njia hiyo. Nataka apate riziki.

Behewa la chakula linaweza kuwa mlango huo. Tuseme wazi kwanza lisichoweza kufanya. Jiko la ndani ya treni ni chumba chembamba. Wapishi wanapishana kwa ubavu, maji ni ya tangi, akiba ni ya jokofu, na treni inatikisika wakati mchuzi uko motoni. Jiko hilo haliwezi kupikia mamia ya watu kwa wakati mmoja, hata wapishi wawe hodari vipi. Ndiyo maana chakula cha treni, mara nyingi, huwafikia kwanza wa daraja la kwanza na wa vyumba vya kulala. Katika treni za reli ya zamani wa daraja la tatu hawezi hata kulifikia behewa lenyewe: njia imejaa magunia, ndoo na watoto waliolala sakafuni, na mhudumu mwenye sinia hapiti. Dirisha ndilo lililokuwa mgahawa wake. Yeye ndiye ninayemhofia zaidi.

Pia treni huchelewa. Anayeijua reli ya kati anajua kipande cha Kilosa hadi Gulwe na mto Mkondoa, ambako mafuriko yamekata njia mara nyingi. Treni ikisimama porini kusubiri njia itengenezwe, chakula kilichopakiwa Dar es Salaam kwa hesabu ya saa za kwenye ratiba kitaisha tu. Chakula kinachochukuliwa njiani, kila penye wapishi, hakimalizwi na ucheleweshaji wa namna hiyo, kwa sababu mbele kuna sufuria nyingine.

Ninachopendekeza ni kwamba jiko la treni lipike kidogo, na vingine lipokee kutoka kwa vikundi vya wapishi vya stesheni. Abiria anaagiza kwa simu, au kwa mhudumu anayepita na daftari, treni ikiwa bado Dodoma. Oda inatumwa Manyoni. Wapishi wana muda wa kukaanga na kufungasha, na treni ikisimama hotipoti zinapandishwa kwenye mlango mmoja tu, wa behewa la chakula, na kupokewa na mhudumu aliyesaini. Malipo ni kwa lipa namba, ambayo mama lishe wengi wa Dodoma wanayo tayari ukutani. India walianza mwaka 2014 kuwaruhusu abiria kuagiza hivyo kutoka migahawa ya stesheni zilizo mbele yao, na chakula kinaletwa hadi kwenye kiti. Japani nako, vyakula vya boksi vinavyoitwa ekiben, kila stesheni na chake kufuatana na mazao ya mahali, zamani viliuzwa dirishani kama kuku wa Saranda. Zilipokuja treni za kasi zenye madirisha yasiyofunguka, biashara ikahamia kwenye vibanda vya stesheni na vitoroli vya ndani. Mwaka 2000 behewa la chakula la mwisho kwenye treni hizo za kasi, shinkansen, liliondolewa. Ekiben zinauzwa hadi leo.

Wapo watakaosema rahisi zaidi ni chakula kilichofungashwa kiwandani, cha kupasha moto tu. Marekani, Amtrak, shirika la treni za abiria la huko, walifanya hivyo mwaka 2019 katika treni zao kadhaa za usiku za upande wa mashariki, na abiria wakanung'unika sana. Treni za magharibi nazo zilipoteza chakula cha kupikwa wakati wa korona, lakini mwaka 2021 abiria wa vyumba vya kulala wakarudishiwa. Nchi tajiri imeona kwamba msafiri wa siku mbili anataka kula chakula, siyo kupoza njaa.

Swali gumu ni la usafi, na aliuliza jirani yangu ambaye ni muuguzi: nani atawajibika abiria mia wakiumwa tumbo usiku, mbali na hospitali? Ni swali la haki na linataka utaratibu, siyo maneno matamu. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida la hewa, na kikihifadhiwa cha moto kiwe juu ya nyuzi 60. Basi kila hotipoti inayopandishwa ipimwe kwa kipimajoto pale pale mlangoni, na isiyofikia kiwango ibaki chini. Kila boksi liandikwe jina la kikundi, stesheni na saa chakula kilipopikwa. Mpishi awe amepima afya. Maafisa afya wa halmashauri wanawakagua mama lishe wa mjini; wa Manyoni na Itigi wanaweza kufikiwa vilevile. Nitasema pia kwamba kuku aliyekaangwa nusu saa kabla ya treni kufika ni salama kuliko wali uliopikwa Dar es Salaam ukafika kwetu usiku.

Fedha ya kuanzia ipo kisheria. Ununuzi wa umma unatakiwa kutenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama kumi kikikopeshwa majiko ya gesi, jokofu moja na hotipoti kubwa, kikawa na soko la uhakika la treni, mkopo huo utarudi. Mikopo mingi ya vikundi hukwama kwa sababu watu wanapewa mtaji bila mnunuzi. Hapa mnunuzi anapita mlangoni kwa ratiba.

Na tuna cha kuwauzia. Wali wa mchele wa Bahi kwa perege au kambale wa Bahi. Kuku wa kienyeji wa Singida. Karanga, asali ya Itigi, juisi ya ubuyu kutoka mibuyu yetu, zabibu ambazo hapa Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka na bado tunalia soko. Ugali wa mtama au wa uwele kwa mlenda uwepo pia kwenye orodha. Mgogo anayerudi nyumbani akiupata ndani ya treni atajua reli hii ni yake, na mgeni atakayeuonja atakuwa amefika Dodoma kweli. Bei ziwekwe mbili: sahani ya kawaida ambayo mwenye tiketi ya bei ya chini anaimudu, na sahani kubwa kwa anayetaka. Bei ya sahani ya kawaida iandikwe kwenye mabehewa yote, isiachiwe mhudumu aikadirie kwa kumwangalia abiria usoni.

Nasikia wengine wakisema mambo haya yasubiri reli ikamilike kwanza. Nawaomba wasisubiri. Majengo ya stesheni yakishamalizwa bila chumba cha wapishi chenye maji, umeme na mlango wa kutokea kwenye jukwaa, hakuna atakayekuja kuvunja ukuta kwa ajili ya mama mwenye karai. Na mkataba wa chakula ukishasainiwa na kampuni moja ya mjini kwa miaka kadhaa, Saranda itakuwa imeondolewa kwenye biashara hata kabla treni ya kwanza haijapita.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa wahusika wa reli na kwa wabunge wetu wa Dodoma na Singida. Michoro ya stesheni za Makutupora hadi Tabora iangaliwe sasa kama ina sehemu ya wapishi. Na zabuni ya behewa la chakula, itakapotangazwa, iwe na sharti la kununua sehemu ya milo kutoka kwa vikundi vilivyosajiliwa kando ya reli, kwa kiwango kitakachotajwa kwa tarakimu ndani ya mkataba.

Wasalaam,
Mkazi wa Kikuyu, Dodoma